Msikilizaji wa Alhaji Nmadu

Saa nne na robo ya asubuhi yake ya kwanza kazini, Memunatu Jiya aliwaona watu ishirini na wawili wakisimama kwa heshima ya mlango uliofungwa.

Alikuwa ameketi masijala kwenye kiti cha wageni, akimngoja fundi aliyekwenda kutafuta skrubu za kitasa cha ofisi yake mpya. Wafanyakazi walikuwa wameinamia mafaili yao. Mara, bila kengele wala neno, kalamu zikawekwa chini na viti vikasukumwa nyuma. Wakasimama wote, mikono ubavuni, nyuso zimeuelekea mlango wa ofisi ya mkurugenzi wa utumishi, ambayo haikuwa na mtu ndani. Wakabaki hivyo kiasi cha pumzi tano. Kisha wakaketi na kuendelea kuandika.

Memunatu alimvuta pembeni Baba Kudu, mhudumu mzee wa ofisi, akamuuliza kulikoni.

"Mazoea tu, mama," mzee akasema, macho yakiwa sakafuni. "Marehemu alikuwa akipita saa hii."

"Marehemu ana miezi saba kaburini."

"Ndiyo, mama. Ila kusimama hakugharimu kitu."

Marehemu huyo alikuwa Alhaji Nmadu. Alikuwa ameishikilia idara ya utumishi ya Halmashauri ya Emigboro kwa miaka kumi na tisa. Wenyeviti walichaguliwa, wakaondolewa, yeye akabaki. Hakuwa mkali wa maneno wala hakupata kumpigia mtu kelele. Alichokuwa nacho ni kwamba alijua. Mtu angeweza kunong'ona jambo Ijumaa penye kikaango cha muuza kosai, bajia za kunde, ng'ambo ya uwanja, na Jumatatu akaitwa ndani akarudishiwa maneno yake yale yale, moja baada ya jingine, kwa sauti ya upole. Baada ya miaka michache hakuna aliyekuwa akisema tena. Barua ilipita meza kumi bila mtu kuthubutu kuandika maoni yake. Mikutano iliisha bila swali. Aliyekosea alificha na aliyeona alifumba macho, na wananchi waliokuja kuulizia kisima au cheti cha kuzaliwa waliambiwa warudi kesho, kwa kuwa hakuna aliyetaka jina lake lionekane chini ya uamuzi wowote.

Memunatu aliletwa kutoka mji wa Minna achukue nafasi yake na kuifufua idara hiyo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mchapakazi, aliyeamini kwa dhati kwamba ukimheshimu mtu atakufungulia moyo. Akauacha mlango wake wazi. Akaweka sanduku la maoni ukumbini. Kila Jumatatu akaitisha kikao na kuuliza kila mmoja ana lipi. Wiki tatu zikapita, sanduku halijapata hata karatasi, na kwenye kikao jibu lilikuwa moja tu: "Kama utakavyoona wewe, mama." Nyuso zilimtazama kama kuta zilizopigwa lipu. Akawa anarudi nyumbani jioni akijisikia kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba iliyojaa watu.

Wiki ya nne upepo wa jangwani ukaanza, vumbi likalifanya jua la mchana kuwa jeupe kama mwezi. Ilikuwa yapata saa saba. Memunatu alisikia pindo la joho refu likiburuzika sakafuni ukumbini, taratibu, kama linavyoburuzika la mtu mnene asiye na haraka. Akainua kichwa. Hapakuwa na mtu. Ikaja harufu ya ngozi ya mbuzi iliyolowana, nzito, ikasimama nyuma ya kiti chake. Halafu, karibu kabisa na kisogo, akasikia sauti ya Tsado Gimba, mkuu wa masijala, pamoja na kikohozi chake kikavu.

"Huyu mama hatamaliza mwaka."

Aligeuka upesi. Nyuma yake palikuwa na ukuta na kalenda. Akaenda dirishani. Tsado alikuwa ng'ambo ya uwanja, hatua sitini na zaidi, amesimama na wenzake penye kikaango cha kosai, na ndiyo kwanza anajifuta mdomo baada ya kukohoa.

Mwenye akili angeondoka saa ile ile. Memunatu akasoma Aya ya Kursii, akanywa maji. Lakini chini ya woga ule palikuwa na kitu kingine alichoona haya kukikiri: alifarijika. Hatimaye mtu amesema neno ndani ya jengo lile.

Siku ya pili ikaja tena, na ya tatu. Ilimletea sauti ya dereva akielezana na mwenzake namna ya kuuza dizeli ya halmashauri. Alipokagua tangi, akakuta ni kweli. Ilimletea sauti ya karani akijisifu kumsainia dada yake asiyefika kazini, ikawa kweli. Haikumdanganya hata mara moja. Akaanza kuwaita watu ndani, akawarudishia maneno yao, naye akajishangaa kwa upole wa sauti yake. Mlango uliokuwa wazi akaufunga, maana sauti zilisikika vizuri zaidi ukiwa umefungwa. Vikao vya Jumatatu akavifuta. Angewauliza nini, na yote anayo? Mwenyekiti wa halmashauri, mwanasiasa kijana aliyependa mambo yaende, alipita siku moja akamkuta kila mtu ameinamia kazi, akamwambia Memunatu kwamba sasa amewashika.

Alikuwa na wiki sita katika hali hiyo aliposikia neno lililomgandisha damu. Sauti ilikuwa ya Tsado tena.

"Tutamzika kabla ya Idi, na hakuna atakayemlilia."

Usiku ule hakula. Asubuhi aliandika barua ya kumhamishia Tsado ofisi ndogo ya Gbadafu, mwendo wa nusu siku kwa barabara ya mchanga, kuanzia Jumatatu inayofuata.

Tsado alikuja mchana, barua mkononi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusimama upande upande mlangoni kama anayeogopa kuziba hewa.

"Mama, sikuja kubishana," akasema kwa sauti ya chini. "Binti yangu Zulai ana selimundu. Akishikwa na maumivu ni lazima afike hospitali ya hapa siku ile ile, kule hakuna hata zahanati. Mama yake hawezi kubaki naye peke yake. Nishushe cheo. Nipe ufagio. Ila usinitoe hapa."

Wakati anasema hayo, ile sauti nyingine ya Tsado ilikuwa kisogoni pa Memunatu, ikirudia rudia juu ya maneno yake, hakuna atakayemlilia, hakuna atakayemlilia, mpaka hakuweza kujua Tsado yupi anaomba na yupi anatisha. Alichohitaji ni swali moja. Angemuuliza tu, Tsado, mnataka kumzika nani? Swali lilifika kwenye ulimi likaganda pale.

"Barua imeshatoka," akasema.

Zulai alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alishikwa na maumivu katikati ya Januari, usiku wa baridi kali ya vumbi, na baba yake alimpakia mbele yake kwenye pikipiki ya kuazima, amemfunga kifuani kwa kitenge cha mama yake. Walikuwa hawajafika nusu ya njia.

Memunatu alizijua habari kabla ya simu kulia. Alikuwa anavaa viatu asubuhi, nyumbani kwake, ambako kitu kile hakikuwa kimewahi kumfuata, aliposikia kisogoni kilio cha mwanamke asiyemfahamu, kilio kirefu kinachovutwa kutoka tumboni, na nyuma yake kikohozi kikavu cha mwanamume. Akajua. Na neno alilolitamka pale, peke yake, kiatu kimoja mguuni, hakumwambia mtu yeyote kwa muda mrefu.

Matangani alikaa na wanawake, kichwa chini. Alipotoka, Baba Kudu alimsindikiza mpaka kwenye gari. Mzee hakuwa mtu wa kusema, lakini msiba humlegeza mtu.

"Mama, Tsado alikukosea nini?"

Memunatu akamjibu kwa hasira ya mwenye hatia: aliapa kunizika kabla ya Idi, wewe ulikuwepo, mlikuwa mnakula kosai.

Baba Kudu akauachia mlango wa gari aliokuwa akimfungulia.

"Bibi Kizee," akasema. "Jenereta yetu, mama. Tunaiita Bibi Kizee. Siku ile ilizimika mara nne. Tsado akasema, huyu bibi kizee wetu na moshi wake, tutamzika kabla ya Idi, na hakuna atakayemlilia. Tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pale tangu sijui lini."

Kutoka siku hiyo Memunatu alitaka kutoka na hakupata pa kutokea. Aliandika barua ya kujiuzulu, na kabla wino haujakauka sauti zikamjia kumi kwa pamoja, za watu wakisema atakimbia, muuaji atakimbia, akaichana. Alijaza pamba masikioni na sauti zikawa ndani ya pamba. Alihamia chumba kingine, na pindo la joho likamfuata ukumbini, likageuka kona anapogeuka, likasimama anaposimama. Alitembea kuelekea lango la jengo mchana kweupe, akinuia kutorudi tena, watu wakiwa uwanjani, akaona lango lile, akalihesabia hatua, ishirini, kumi na tano, kumi, na kila alipoikaribia nuru ya nje ile harufu ya ngozi mbichi ilimziba pua mpaka akajikuta anarudi, anarudi mwenyewe kwa miguu yake, anaketi kwenye kiti kile na kutega sikio, kwa sababu kuliko kusikia mabaya, jambo moja tu lilimtisha zaidi, nalo ni kutosikia kabisa.

Alimleta malamu, mwalimu wa dini wa msikitini. Malamu akasoma, akawanywesha wote maji yaliyosomewa, akafukiza kila chumba. Siku tatu pakatulia. Siku ya nne pindo likaburuzika. Malamu alipoitwa tena alikataa kuingia. Alisimama nje akasema kwamba yeye humfukuza mgeni asiyetakiwa, lakini huyu ana mwenyeji anayempakulia.

Ndipo Memunatu akaenda kwa mjane wa Alhaji Nmadu. Hajiya Nnadoko alikuwa anachambua samaki wa kukausha uani. Hakushangaa kumwona. Alimtazama usoni, akamsogezea kigoda.

"Na wewe umeacha kulala," akasema.

Alimsimulia bila kuzungusha. Mumewe, mwaka wa kwanza wa ukurugenzi, aliogopa kwamba walio chini yake wanamcheka. Badala ya kuwauliza, alisafiri ng'ambo ya mto kwa mtu mmoja, akaomba apewe sikio. Akapewa. Sharti lilikuwa dogo: kwa muda wote atakaolitumia, asimuulize mtu jambo uso kwa uso. Kitu kile hakisemi uongo, kinakata tu. Kinachukua neno na kuacha lililolitangulia au lililolifuata, na mwenye kukisikia hujaza mwenyewe. Kinakula hapo, kwenye pengo. Mwishoni Alhaji alichoka, akarudi kwa yule mtu kuomba kitolewe.

"Akaambiwa awakusanye wote," alisema Hajiya. "Amwambie kila mmoja, mbele ya wenzake, alichosikia juu yake na alichomtendea kwa hicho. Na wao wamwambie yaliyo moyoni mwao. Lisibaki neno hata moja la kubebwa. Mume wangu akasema, afadhali kaburi. Ndilo alilolipata, na kitu kile kikabaki kikimngoja atakayekalia kiti chake."

"Na mimi nikishindwa?"

"Mwanangu, makaburini hapajawahi kukosa nafasi."

Akaitisha kikao siku ya Alhamisi. Tsado alikuja pia, kutoka Gbadafu, akiwa na siku arobaini na tatu za msiba. Alikaa nyuma. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya vumbi, na Baba Kudu alipoufunga mlango, ulijifunga kwa uzito ambao mlango ule wa mbao nyepesi haukuwa nao. Harufu ikaingia. Safari hii waliisikia wote. Memunatu aliona jinsi walivyobana mabega.

Akaanza. Alimtaja dereva, akasema alichosikia na alichofanya. Akamtaja karani. Akaendelea na wa tatu na wa nne, na pindo la joho likaanza kuzunguka ukumbi kwa nyuma ya viti, na kisogoni pake sauti zikapanda, za watu wote ishirini na wawili kwa pamoja, wakitukana, wakilia, wakicheka, wakimwambia nyamaza mjinga wewe watakuua, mpaka akawa hasikii anachokisema mwenyewe na ikabidi aiguse midomo yake kwa vidole ili ajue kwamba bado anasema. Mtu mmoja alikimbilia mlango, akauvuta kwa mikono miwili, haukutikisika, akaanguka magoti pale akisoma shahada, na Memunatu akaendelea, jina kwa jina, mpaka likabaki jina moja.

"Tsado," akasema. "Nilisikia ukisema sitamaliza mwaka. Nikasikia ukisema mtanizika. Sikukuuliza. Nilikuhamisha kwa hilo. Zulai amekufa kwa hilo."

Tsado alisimama polepole.

"Nilisema hutamaliza mwaka kabla hujalinyoosha jengo hili," akasema. "Hiyo ya kwanza. Nilikuwa nakusifu."

Mtu akaguta kama aliyepigwa ngumi. Halafu, kutoka safu ya kati, mwanamke wa masijala akanyanyuka, akamwambia Memunatu kwamba anamchukia tangu siku alipomtoa machozi ofisini. Dereva akasema dizeli aliuza na Alhaji alijua na akawa anagawana naye. Mwingine akasema aliiona barua ya Tsado kabla haijatoka, angeweza kuizuia, akaogopa. Wakawa wanasema kwa zamu, kisha bila zamu, miaka kumi na tisa ikitoka kama jipu. Na kadiri walivyosema, sauti za kisogoni zilipungua. Ishirini, kumi, tatu. Ikabaki moja.

Ilikuwa sauti ya Memunatu mwenyewe, ya asubuhi ile ya kiatu kimoja. Ilisema taratibu, kwa siri, kama rafiki: hili hawalijui, hili tubaki nalo wawili.

Akafumba macho.

"Kuna jingine," akasema. "Niliposikia mtoto amekufa, nilisema alhamdulillahi, amepigwa yeye kwanza."

Tsado alipita katikati ya viti, akaja mpaka mbele, akasimama wima safari hii, si upande upande.

"Nimekusikia," akasema. "Sikusamehe. Nakwambia usoni, ili asipatikane wa kukuletea."

Mlango ukafunguka wenyewe, na nuru nyeupe ya vumbi ikamwagika ndani. Walilisikia pindo likiburuzika kati ya viti, haraka haraka sasa, kama la mtu anayetafuta kiti na kila kiti kina mwenyewe. Likatoka. Uwanjani kuku wa muuza kosai waligawanyika pande mbili kupisha kitu wasichokiona watu, wakabaki hivyo kwa muda, halafu wakarudi kudonoa.

Memunatu aliandika barua mbili siku ile. Ya kwanza ilimrudisha Tsado masijala. Ya pili ilimweleza mwenyekiti kila kitu na kumwachia aamue. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akasema wachawi wa ofisi hawamo katika kanuni za utumishi, akaiweka kwenye droo. Hivyo Memunatu akabaki, na hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko kufukuzwa.

Jengo likawa na kelele. Watu walibishana ukumbini, waliandika maoni yao kwenye barua na kuyatia saini, walikosea na kukosoana. Wananchi walizoea kutoka na majibu, mengine ya hapana, lakini majibu. Na kila asubuhi, akishasaini daftari la mahudhurio, Tsado alifika mlangoni kwa Memunatu.

"Bado sijakusamehe, mama."

"Nimesikia, Tsado."

Kisha kila mmoja alikwenda kwenye kazi yake. Wengine mwanzoni waliinamisha vichwa kwa haya. Baadaye wakazoea, kama watu wanavyozoea adhana.

Mvua zilipoanza, asubuhi moja Tsado alisaini, akamsalimu Memunatu, akamuuliza kama paa lake limevuja, akaenda zake.

Memunatu aliketi. Saa ya kwanza hakuandika kitu. Huenda amesamehe. Huenda amechoka. Huenda sasa neno lile analisema kwingine, penye kikaango, nyumbani, gizani kwa mkewe. Alijikuta anakitegea sikio kisogo chake mwenyewe; na kilichomtisha kuliko yote ni kwamba alikuwa anatamani. Sauti moja tu. Nusu ya sentensi.

Akashika ukingo wa meza, akainuka. Kutoka pale mpaka masijala ni hatua kumi na nne. Alizitembea zote.

Tsado alikuwa anapanga mafaili. Aliinua macho.

"Leo hujaniambia," Memunatu akasema. "Nimekuja kuuliza."

Tsado akaacha kidole ndani ya faili, asipoteze ukurasa. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Leo sijui, mama," akasema. "Nikijua, nitakuja mwenyewe."

"Haya," akasema Memunatu. "Nitakungoja."